Sukari Niliyoipeleka Nyumba Tatu

Jumapili. Jua lilichungulia asubuhi, likaona uchovu wa mtaa wetu, likarudi zake mawinguni. Mtoni yote imepooza. Turubai limefunguliwa upande mmoja, upande wa pili bado linaning'inia, na paka wa jirani amejilaza juu ya viti vya kukodi kama yeye ndiye bwana harusi.

Mie niko macho. Nina furaha ya mtu aliyekoswakoswa na lori.

Shajara, nisikilize vizuri. Kesho nasimama mbele ya darasa kuieleza habari hii, na kule nitaisema kwa maneno yaliyopigwa pasi. Humu naisema ilivyo.

Kwa mgeni wa blogu hii: mie ni Idrisa, mtoto wa Mtoni, mwanafunzi wa chuo kikuu. Nasomea usimamizi wa miradi na ununuzi. Ni kweli ngazi yangu ni astashahada, na ni kweli cheti changu cha kidato cha nne si cha kutundika ukutani. Lakini geti tunaingia lilelile na watu wa shahada, na kantini tunagombea chapati zilezile. Anayetaka kunidharau aanzie hapo kwenye foleni ya chapati, tutaonana.

Mtaani watu wanadhani ununuzi ni kubeba kikapu kwenda sokoni. Pole zao. Kuna mpango, jamani. Unaandika unachohitaji, lini unakihitaji, nani anaweza kukuletea, na asipoleta utafanya nini. Unawashindanisha watu kwa masharti yaleyale. Unawapima kwa vigezo ulivyoviandika kabla hujawaona nyuso, halafu anayeshinda ameshinda, hata kama hamsalimiani.

Siku ya kwanza kulisikia hilo nilipiga meza. Maana huku kwetu fundi anapewa kazi kwa sababu aliwahi kukaa nyumba moja na binamu wa mtu. Nikajiona nimetumwa kuja kulinyoosha taifa.

Mwanzoni mwa muhula Madamu, mwalimu wetu wa mipango ya ununuzi, akatupa kazi. Kila mmoja achague mradi mdogo, auandikie mpango, autekeleze, kisha aje aeleze kilichotokea. Wenzangu wakakimbilia makaratasi. Mmoja akachimba kisima cha kufikirika. Mwingine akajenga daraja pasipo na mto. Rafiki yangu Godlisten, mtoto wa Moshi ambaye hata akipiga chafya anaandika tarehe, akachagua kukarabati choo cha kanisani kwao.

Mie nikachagua harusi ya dada yangu Zuhura.

Madamu alishusha miwani akanitazama. "Harusi ina wadau wengi, Idrisa. Na wadau wa harusi hawasomi mipango."

"Wataisoma wakiwa wanakula, Madamu."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Aliandika kitu pembeni mwa jina langu, na mpaka leo sijui ni nini.

Nyumbani ndiko kulikuwa na kazi. Tangu baba afariki, dada yake, Shangazi Mwajuma, ndiye jaji wa nyumba yetu. Nilipotangaza kwamba manunuzi yote ya harusi nayasimamia mie, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Huyu? Huyu aliyejenga banda la kuku likaishia ukuta mmoja? Wifi, utawalisha wakwe upepo!"

"Anasomea mambo hayo," Mama akasema.

"Anasomea. Hajahitimu."

Mama akanitazama kwa muda. Ni mwanamke mpole, haongei sana, na ukimya wake unanitisha kuliko makelele ya shangazi. "Basi ajifunzie kwetu," akasema. "Akiharibu, uso utakaoaibika ni wangu."

Hapo ndipo mzigo ulipowekwa, na niliuelewa. Watu wa bwana harusi ni watu wa Kinondoni, watu wa kupima. Hawajawahi kula kwetu. Na Mama hajafanya shughuli kubwa tangu alipobaki peke yake. Chakula kile cha baada ya ndoa ndicho kingewaambia wale watu dada yangu anatoka nyumba gani. Kikiwa kizuri, Zuhura anaingia kwa mume kichwa juu. Kikiharibika, atasikia habari ya pilau lile mpaka wajukuu wake waote ndevu.

Nikaandika mpango. Niliuandika vizuri, sijisifu, ingawa kweli najisifu. Nikaubandika sebuleni. Turubai, viti, maji, kuni, mchele, nyama, mpishi. Shangazi akauliza kama ni kalenda. Nikamwacha. Viti vikaja. Boza la maji likaja. Kila kitu kilikuwa kinakuja siku niliyokiandika, na mie nikawa natembea mtaani mikono nyuma kama mkaguzi.

Ikabaki ishu ya mpishi.

Katika miradi kuna kazi ambayo ikichelewa yenyewe, kila kitu kinachelewa. Nyingine unaweza kuzivuta huku na huku, hiyo hapana. Kwenye harusi ya huku kwetu kazi hiyo ni mpishi. Bwana harusi anaweza kuchelewa. Mpishi hawezi.

Nikatafuta wazabuni watatu, kama tulivyofundishwa. Wa kwanza Bi Kidawa, jirani yetu, mwanamke aliyeanza kupikia shughuli za Mtoni kabla sijazaliwa. Wa pili Fundi Salehe wa Tandika, mzee mwenye masufuria yake mwenyewe, makubwa, mtoto unamwogesha humo. Wa tatu Bi Shinuna wa Buguruni, anayepika huku spika ya taarabu imewashwa na asiyezungumza kwa sauti ndogo hata akikuambia siri.

Sasa, shajara, hapa ndipo nilipojiingiza.

Huku kwetu mpishi hafuatwi mikono mitupu. Tangu nikiwa mdogo nilikuwaga naona akinamama wakitoka na mfuko wa sukari siku wanayokwenda kumwona mpishi. Nikajua ni adabu tu, kama vile unavyompelekea mgonjwa machungwa. Basi na mie nikanunua sukari. Na kwa kuwa wazabuni wanatakiwa kutendewa sawa, nikanunua mifuko mitatu inayofanana kama mapacha. Nilijipongeza palepale dukani.

Kwa Bi Kidawa nilikaa mkekani. "Shikamoo bibi. Nimekuja kukusanya mapendekezo."

"Marahaba. Kusanya, mjukuu wangu." Akaichukua sukari, akaipeleka chumbani kwake. Hakuniuliza swali hata moja. Kwenye karatasi yangu nikaandika: mzabuni ana utayari mkubwa.

Fundi Salehe aliipokea kwa mikono miwili, akasema inshallah, akanitajia mpaka aina ya kuni anazozitaka. Bi Shinuna aliiweka sukari kifuani, akapiga kigelegele palepale mlangoni.

Hapo ningeshtuka. Nani anapigia kigelegele mapendekezo?

Sikushtuka. Nikarudi nyumbani nikawapima. Uzoefu, vifaa, usafi, kuwahi. Fundi Salehe akashinda kwa sababu ya masufuria. Nikampigia simu kumwambia, akasema, "Mbona najua?" Nikaona ni mzee anayejiamini, kama mie.

Mama akaniuliza, "Mpishi tayari?"

"Tayari."

"Sukari umempelekea?"

"Nimempelekea."

Akatabasamu, akaendelea na mambo yake. Kichwani mwake alikuwa na Bi Kidawa, maana ndiye aliyepika harusini kwake mwenyewe. Kichwani mwangu alikuwemo Fundi Salehe. Sikumtaja jina, kwa sababu tumefundishwa kwamba taarifa za tathmini ni siri.

Mtu gani anamficha mama yake jina la mpishi? Msomi.

Jana, Jumamosi, alfajiri. Watu wametoka msikitini, uwanja wa nyuma ya madrasa, ubavuni mwa nyumba yetu, umeshafagiliwa, kuni zimepangwa, akinamama wa vitunguu wamekaa na visu vyao. Bi Kidawa akaingia na mwiko begani. Nikadhani amekuja kusaidia, kama jirani mwema. Nikamwamkia, akaniambia nimpishe, nimemzibia jiko.

Dakika si nyingi, gari dogo la mizigo likashusha masufuria ya Fundi Salehe.

Bi Kidawa akamtazama kutoka kofia mpaka makubazi. "Salehe, umepotea njia?"

"Sijapotea, Bi Mkubwa. Nimekuja kupika. Nimeletewa sukari."

"Sukari nimeletewa mie."

Kisu cha kitunguu kikasimama. Halafu vyote vikasimama. Na katikati ya ukimya ule bajaji ikakata kona, mwiko umetokeza nje kama mkono unaopunga, na sauti ikatangulia: "Jamani hodi! Moto mmeshanikokea au nikoke mwenyewe?"

Bi Shinuna akashuka. Akawaona wawili wale. Wote watatu wakageuka, polepole, wakanitazama mie.

Shajara, kuna kutazamwa, na kuna kutazamwa na wapishi watatu walioshika miiko.

"Mie nimewakatalia watu wa Vingunguti kwa ajili ya harusi hii," Bi Shinuna akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema kwa sauti ndogo.

Shangazi Mwajuma alikuwa ameshafika. Huyu mwanamke akisikia harufu ya balaa anafika kabla yake. "Mtoto wewe! Sukari ya mpishi ndiyo mkataba! Akiipokea amekufungia siku yake, mwingine yeyote akija anamkataa. Wewe umeposa nyumba tatu kwa harusi moja!" Akawageukia akinamama. "Haya, msomi ana risala. Mpeni nafasi."

Ndipo nikaelewa. Nilidhani nakusanya mapendekezo, kumbe nilikuwa natia saini. Na hakuna wa kumrudisha. Mpishi aliyeletewa sukari akionekana anarudi mtaani kwake na sufuria baridi, mtaa mzima unauliza kafanya nini. Kumrudisha Bi Kidawa ni kumkosea mtu aliyemlea Mama. Kumrudisha Bi Shinuna ni kumwacha hana la huku wala la kule. Na Fundi Salehe ndiye mshindi wangu halali, ana alama zangu.

Mama alikuja kutoka ndani, kanga ameikaza kiunoni. Alisikiliza kila kitu. Hakunikaripia, bora angenikaripia. "Idrisa," akasema, "wakwe wakitoka msikitini adhuhuri wanakuja kula. Wakikuta majungu hayajainjikwa, mie uso nauweka wapi?"

Nikasogea nyuma ya tangi la maji nikampigia Godlisten.

"Wamekuja wote," nikamwambia.

"Wote kina nani?"

"Wazabuni. Wote watatu. Wana miiko."

"Walioshindwa uliwajulisha kwamba wameshindwa?"

"Kuwajulisha kufanyaje?"

"Idrisa. Madamu alitumia kipindi kizima. Ile siku uliyosema unaumwa."

Siku ile sikuwa naumwa. Nilikuwa Ubungo naangalia jezi. Nilimwambia Godlisten asante, aendelee na choo chake, nikakata.

Nitakiri humu, maana darasani sitakiri: nilitazama uchochoro wa kukimbilia. Nililiona banda la kuku, ule ukuta wake mmoja, kama limejengwa upya mbele yangu. Nyuma yangu niliwasikia. Bi Kidawa anasema hapiki sufuria moja na mtu. Fundi Salehe anasema hata yeye. Bi Shinuna anasema yeye hata jiko moja hakai na mtu. Kuni zimelala hazijawashwa, jua linapanda, nyama iko kwenye mabeseni. Kazi isiyoweza kuchelewa ilikuwa inachelewa.

Na ndipo nikawasikia vizuri walichokuwa wanagombania. Hawakuwa wanagombania ujira. Hakuna aliyetaja ujira. Kila mmoja alikuwa anataka wakwe wale mkono wake.

Wanataka kushindana! Mie si ndiyo nasomea?

Nikatoka nyuma ya tangi kifua mbele. Kifua kilikuwa mbele kuliko mie mwenyewe.

"Shikamooni wazee wangu. Kosa ni langu, sukari niliipeleka mie. Sasa hapa harudi mtu. Mchele ni mmoja, nyama ni moja, viungo ni vilevile. Navigawa sawasawa mbele ya macho yenu. Kila mmoja jiko lake, sufuria lake, mkono wake. Wakwe watakula kote. Nani pilau lake ni pilau, watasema wao."

Fundi Salehe alimtazama Bi Kidawa. Bi Kidawa alimtazama Bi Shinuna. Shangazi akafungua mdomo, Mama akamgusa mkono, akaufunga.

"Kuni zangu ziwe kavu," Bi Kidawa akasema, akakaza kilemba.

"Na zangu," akadakia Bi Shinuna. "Nisipewe za mabaki."

Shajara, ungeona! Matofali ya nyumba inayojengwa jirani tuliyaazima tukaweka mafiga mapya. Niligawa mchele kwa kopo moja, nyama kwa mizani ya bucha, mpaka bizari niligawa, watatu wamesimama juu ya kichwa changu kama wasimamizi wa uchaguzi. Bi Shinuna alijaribu kuongeza vijiti vya mdalasini kwenye fungu lake akitazama juu kama anahesabu ndege. Nikavirudisha. Fundi Salehe nikamkuta na kikaratasi mfukoni, viungo vyake vya siri kutoka nyumbani.

"Fundi, hiyo haimo kwenye masharti."

"Hii ni dawa ya kifua, kijana."

"Dawa ya kifua inanukia iliki?"

Akaitoa. Alinuna mpaka vitunguu vilipoiva.

Akinamama wa vitunguu nao wakagawanyika bila kuambiwa. Kambi ya Mtoni ikahamia kwa Bi Kidawa. Waliopenda taarabu wakahamia kwenye spika ya Bi Shinuna. Fundi Salehe akabaki na wanaume wachache waliojifanya wanajua kuchochea moto. Matusi ya utani yakaanza kuruka juu ya moshi.

"Shinuna, pilau hilo au ugali wa rangi?"

"Kidawa mwenzangu, wewe pika tu, wenye meno yao watakula la kwangu, wasio na meno tutawaletea lako!"

Dada Zuhura aliniita dirishani, hina imekolea mpaka kwenye viwiko, uso nusu umepakwa. "Idrisa, naambiwa kuna wapishi watatu nje."

"Harusi yako kubwa, dada."

"Nitakuua wewe."

"Baada ya chakula."

Adhuhuri ndoa ikafungwa. Watu wa Kinondoni wakaja, kanzu nyeupe, wakakaa mikekani chini ya turubai. Masinia yakatoka. Hapo, shajara, ndipo nilipoacha kupumua. Maana sikuwa nimelifikiria jambo moja: masinia matatu yakikaa mkeka mmoja, mtu mwenye macho anaona. La Bi Kidawa lilikuwa kavu, punje inajitenga na punje, nyama inaachia ukiigusa. La Fundi Salehe lilikuwa linang'aa, viazi vimekaa vizuri. La Bi Shinuna lilikuwa limekolea rangi, harufu yake ilitangulia kuingia mkekani kabla ya sinia, kama yeye mwenyewe.

Mtu angeweza kusema nyumba hii imeokoteza chakula kwa majirani. Nilimwona ami wa bwana harusi, mzee mwenye ndevu zilizochongwa, akila tonge huku, akasimama, akanyoosha mkono sinia la pili, akala, akakunja uso. Akahamia la tatu. Mkeka mzima ukamfuata kwa macho.

Akaita, "Mama mwenye nyumba!"

Mama akasogea pembeni ya turubai, ushungi umemkaa vizuri. Mie nikiwa nimebeba jagi la maji ya kunawa, maji yananimwagikia miguuni.

"Huku kwenu," mzee akauliza, "mna wapishi wangapi?"

Shangazi akafumba macho.

"Watatu," Mama akajibu. Hakusitasita hata kidogo. "Wageni wazito kama nyie hatukuona vyema kuwapa mpishi mmoja."

Mzee akacheka, akawaambia wenzake, "Mmesikia? Harusi zetu sie tunampa kazi mpishi mmoja na analalamika!" Mkeka ukaanza kuchangamka. Watu wakaanza kuhama masinia, wengine wanatetea la huku, wengine wanatetea la kule, vijana wawili wa Kinondoni nusura wakosane juu ya kiazi. Masinia yakarudi jikoni yamelambwa. Yote.

Mama alipita karibu yangu akirudi ndani. Aliichukua kona ya kanga yake akanifuta masizi shavuni, hivi, mara moja, kama nina miaka minne, mbele za watu.

Nilijifanya moshi umeniingia machoni.

Jana hiyohiyo Mama alimalizana na wapishi wote kwa heshima zao kamili, hilo ni lake na siliandiki. La kwangu lilikuwa la leo: kuzunguka kuwashukuru. Na kila nilipofika niliulizwa swali lilelile, kwa namna tatu.

Bi Kidawa aliuliza huku anapepeta mchele, bila kunitazama. "Pilau la nani walilirudia?"

"Bibi, sinia lako lilirudi limelambwa."

Akatikisa kichwa taratibu. "Nilijua."

Fundi Salehe alisema hataki kujua, kisha akanisindikiza mpaka barabarani ili ajue. "Fundi, sinia lako lilirudi limelambwa." Akanipa mkono kwa nguvu. Bi Shinuna nilimpigia simu, nikaiweka mbali na sikio. "Sinia lako, Bi Shinuna, lilirudi limelambwa." Buguruni yote ikasikia kigelegele.

Sikudanganya hata mtu mmoja. Na kila mmoja kwa sasa anajua kwamba yeye ndiye aliyeshinda.

Nimerudi nyumbani nikamkuta Shangazi Mwajuma sebuleni, amesimama mbele ya mpango wangu ukutani. Anausoma. Anausoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Gundi ya kona moja ilikuwa imebanduka, akaibonyeza ikashika. Alipogundua nipo mlangoni akakohoa.

"Mwezi ujao tunamchinjia mjukuu wangu mchanga akika yake," akasema, akitazama dirisha. "Turubai, viti, maji, vyote hivyo uandike kama ulivyoandika hivi."

Nilikuwa na maneno kama gunia zima ya kumwambia, yenye banda la kuku ndani yake. Nikayameza. Nimekua.

Akaufungua mkoba wake, akatoa mfuko wa sukari, akauweka mezani.

"Na hii peleka kwa mpishi. Mmoja, Idrisa. Mmoja. Ukipeleka nyumba mbili, hicho chuo nakuvua mwenyewe."

Akatoka. Makubazi yake yakasikika mpaka mwisho wa uchochoro, na sikusikia akicheka.

Sasa niko hapa naandika, na mfuko wa sukari uko mbele yangu. Kesho Madamu ana kipindi cha namna ya kumtangaza mshindi na kuwajulisha walioshindwa, anakirudia kwa wale tuliokuwa wagonjwa. Mie nitakaa kiti cha mbele kabisa, Godlisten anipishe. Taarifa yangu nitaisoma yote, na wapishi watatu nitawataja, na sukari nitaitaja, na Madamu aandike pembeni mwa jina langu anachotaka. Najua chakula kilifika, na najua Mama alilala jana usiku akiimba.

Lakini akika ni mwezi ujao, na Shangazi ameshapita nyumba ya Bi Kidawa akielekea kwake, na mdomo wake naujua: habari imeshawafikia wote watatu, na kila mmoja anajua yeye ndiye mshindi. Simu yangu imeita sasa hivi. Ni Bi Shinuna. Sijapokea.

Haya, Idrisa, bingwa wa ununuzi wa Mtoni: ukitoka na sukari hii mlangoni, mguu unageukia kwa nani?